Telluride wakati wa tamasha, nilivyochemsha mimi

Mkuu, umeuliza kama siku tatu za Telluride, kule Colorado, Marekani, zinatosha kupanda milima na pia kula muziki wa tamasha la Bluegrass (ule muziki wa Kimarekani wa banjo, fidla na magitaa) mwezi wa sita, tena ukiwa na watoto. Mimi nilijaribu hivyo hivyo, nikaishia kupata nusu ya hiki na robo ya kile.

Kwanza ule mji ni kadogo kweli, watu kama 2,500 tu, umekaa mwisho wa bonde lililozibwa na milima pande tatu, barabara kuu unaimaliza kwa mguu mara moja. (Ukipita hapo kumbuka ndiko Butch Cassidy, yule jambazi maarufu, alikoiba benki Juni 1889, watoto watapenda hiyo.) Sasa wakati wa tamasha wanamiminika maelfu, malazi yanaisha miezi kabla, mimi nikajifanya mjanja eti nitapata nikifika, matokeo yake tukalala mji mwingine na kila asubuhi ni zaidi ya saa nzima kwenye usukani.

Halafu kile kimo. Mji wenyewe uko mita 2,667 juu ya usawa wa bahari na hapo bado hujapanda kitu. Tukiwa njiani pakiti ya krispi ilivimba ikawa kama mpira, nikaicheka, kumbe zamu ya kichwa changu inakuja. Usiku ule sikulala, asubuhi ngazi za ghorofa moja nahema kama nimekimbizwa na mbwa. Siku ya kwanza tulia, kunywa maji, bia iache kwanza, panda ile gondola (vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo) ya kwenda Mountain Village, mji jirani ulio juu zaidi mlimani, ni bure, dakika 13 hivi, milima unaiona ukiwa umekaa.

Tamasha lenyewe lipo tangu 1974 na ni siku nne. Kilichonifurahisha zaidi wala si jukwaani. Asubuhi watu wanapanga foleni na maturubai kwapani, geti likifunguka ni mbio, wazee na mvi zao wanachanja mbuga wawahi kutandika karibu na jukwaa, mimi nikabaki nacheka mpaka nikapitwa na wote, siku nzima nikatazama wanamuziki ukubwa wa njugu. Jua likizama baridi inashuka ghafla, mwezi wa sita huo huo, jaketi usiache.

Milimani nenda Bridal Veil, maporomoko ya mita 111, juu yake pembeni kabisa kuna jumba la mtambo wa umeme, unajiuliza walilijengaje pale. Ila toka alfajiri. Mimi nilianza saa sita mchana baada ya kuchelewa kulala kwa ajili ya muziki wa usiku, saa nane mawingu meusi na radi, nikageuza mbio nusu ya njia. Na njia za juu zaidi mwezi wa sita bado zina theluji, watoto watateseka.

Ningekuwa wewe na lengo ni kutembea milimani, ningeenda mwishoni mwa mwezi wa tisa, tamasha la filamu limeshapita, miti ya aspeni imegeuka njano bonde zima na vyumba vinapatikana. Ila kama tiketi za muziki umeshalipia, fika siku mbili kabla tamasha halijaanza, utembee milimani hapo, geti likifunguka usiwaze mlima tena. Watoto wana umri gani kwani?