DNA kwenye mpini wa panga haisemi nani aliua

Swali: Mtoto wa dada yangu yuko rumande Arua, anashtakiwa kumuua jirani yetu. Panga lililokutwa na damu ya marehemu ni la kwetu nyumbani, na ripoti ya maabara inasema DNA ya kijana imo kwenye mpini. Kuna mtu Kampala anataka laki nane atufanyie kipimo kingine cha haraka cha kumsafisha jina. Tulipe? – Mama, Koboko

Jibu: Mama, pole sana. Msilipe hata shilingi moja. Huyo mtu atachukua mate ya kijana na kupata DNA ileile ambayo maabara ya serikali imeshaipata. Mate yake hayawezi kufuta kilichokutwa kwenye mpini. Tena sampuli iliyochukuliwa chumbani, bila muhuri wala saini ya aliyeitoa na aliyeipokea, mwendesha mashtaka ataiangusha kwa swali moja tu. Watu wa namna hii wanakula pesa ambazo familia ingelipia nauli za mashahidi, na wananikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Tatizo lenyewe liko kwingine. Mmesoma ripoti mkadhani imesema kijana ameua. Haikusema hivyo. Imesema aliwahi kulishika panga, au kitu chenye ngozi au jasho lake kiligusa mpini. Panga ni la nyumbani kwenu! Kama alikuwa analipasulia kuni na kumenyea muhogo, ningeshangaa DNA yake isingekutwa. Kipimo hakionyeshi ililetwa siku gani, Jumatatu shambani au usiku wa mauaji.

Ripoti za namna hii mara nyingi huwa na ile namba kubwa, mtu mmoja kati ya mabilioni. Watu wakiisikia mahakamani wananyamaza, wakidhani ndiyo uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia. Namba hiyo inajibu swali dogo tu: mtu mwingine asiye ndugu yake akichukuliwa ovyo, kuna uwezekano gani DNA yake ilingane hivyo? Kama hakuna anayebisha kwamba kijana alilishika panga, namba hiyo haiongezi kitu kwenye kesi.

DNA husafiri pia. Mwaka 2012 kule California mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu DNA yake ilikutwa kwenye kucha za marehemu. Usiku ule alikuwa amelazwa hospitali. Wahudumu wa ambulansi waliomchukua yeye ndio walioitwa baadaye kwa marehemu. Alikaa gerezani miezi kadhaa hadi wakili wake alipozipata rekodi za hospitali.

Siidharau kazi yangu ya kupima DNA. Uingereza, DNA ilipotumika mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, ilianza kwa kumwokoa kijana aliyekuwa amekiri, kisha muuaji mwenyewe akafungwa mwaka 1988. Ila ilifanya hivyo kwa shahawa zilizotoka mwilini mwa marehemu, mahali ambapo hazikuwa na sababu nyingine ya kuwepo. Mpini wa panga la nyumbani ni jambo tofauti kabisa.

Kwa shtaka la mauaji, Katiba ya Uganda inampa kijana wakili kwa gharama ya serikali. Wakili aombe ripoti kamili mapema na aulize: mpini ulikuwa na DNA ya watu wangapi? Nani alilichukua panga, akaliweka wapi, likapita mikono ya nani? Nguo za kijana zilipimwa? Zilikuwa na damu? Nanyi tafuteni waliokuwa naye usiku ule, kabla hawajasahau saa.

Wengine mnaosoma hapa, vielelezo vinaharibika kwetu kabla havijafika Kampala. Nguo yenye damu ikifungwa mbichi kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) inaota ukungu, na DNA inaoza. Ikauke kivulini, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, na polisi waandike nani ameipokea. Mtoto akinajisiwa, msimwogeshe wala kufua nguo zake. Apelekwe hospitali na fomu ya polisi 3A ndani ya saa 72. Na kama tayari mmeshafua, bado nendeni. Mtu wa LC (baraza la mtaa) anayewaambia hakuna kesi bila DNA anawadanganya: mahakama zetu hupokea maneno ya mtoto mwenyewe, yakiungwa mkono na daktari au ushahidi mwingine, na watu wamefungwa kwa huo.