Mwanangu Anarudi Likizo na Lugha Nisiyoijua

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Alipoteza usikivu akiwa na miaka 2 baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, na sasa anasoma bweni katika shule ya viziwi. Kila likizo anarudi nyumbani akizungumza kwa mikono, nasi tunabaki kumtazama. Babu yake alifariki mtoto akiwa shuleni. Aliporudi mwezi Juni alizunguka vyumba vyote akimtafuta, nami sikuwa na la kufanya ila kumpeleka kaburini na kulia. Nataka kujifunza lugha yake, lakini mama mkwe anasema nikiizoea mikono, mtoto hatatia bidii ya kutamka maneno. Je, ni kweli? Na kwa umri wangu, nitaiweza?
Mama, Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa

JIBU: Mama, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa siku ile ya kaburini, ambayo inanilazimu nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Kila nyumba yenye mtoto kiziwi hujitungia alama zake za kula, kulala, njoo na usiguse, nazo husaidia kuisukuma siku. Lakini hazina namna ya kusema “jana”, wala “kwa nini”, wala “hatarudi tena”. Mwanao alionyeshwa tuta la udongo na machozi ya mama yake, kisha akaachiwa kazi ya kuviunganisha peke yake. Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wenzake wanaitumia bwenini kusimuliana na kugombana, ingeweza kumweleza yote hayo, kwa kuwa ni lugha kamili yenye msamiati na sarufi yake, ambayo si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na ambayo hata uso una kazi ndani yake.

Mama mkwe wako hakuizua hofu yake. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na kwa muda mrefu watoto viziwi walihimizwa kutamka na kusoma midomo. Mwombe akae mbele ya kioo, aseme “baba”, “mama” na “papa” bila kutoa sauti, halafu akuambie midomo imetofautiana wapi. Umkumbushe pia kwamba wajukuu wake wengine, kama wanazungumza naye Kigogo, hawakushindwa Kiswahili cha shuleni kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa ana pa kuanzia anapojifunza nyingine, iwe ya kutamka au ya kuandika.

Umri wako si kikwazo. Hutakuwa mwepesi kama mwanao, na huenda atakucheka, jambo ambalo kwangu ni dalili njema. Siku ya kumpeleka shuleni, usiondoke na gari la kwanza. Kaa na mwalimu au mlezi wa bweni, na umwombe alama 20 za mambo ya nyumbani kwenu, azirekodi kwa simu yako. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, waulize kuhusu mafunzo, na ukimpata kiziwi mtu mzima aliye jirani, mkaribishe nyumbani, kwa kuwa lugha hii hujifunzwa vizuri zaidi kwa wenyewe. Jioni kaeni penye mwanga, maana taa ikizimika mazungumzo nayo hukatika. Usikubali pia kujifunza peke yako. Baba na ndugu wa mtoto wasipoingia, utageuka mkalimani wa nyumba nzima, na siku ukienda mnadani atabaki bubu kati ya watu wake.

Kuhusu babu, hujachelewa. Viziwi huwapa watu alama za majina, kwa kufuata labda kovu, ndevu au namna mtu anavyotembea. Yamkini mwanao alishampa babu yake ya kwake. Akirudi Desemba, mwombe akuonyeshe hiyo kwanza.