Toleo la 6 la PMBOK si la kutupa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba uliusoma mwongozo wa usimamizi wa miradi uitwao PMBOK, toleo la 6 la mwaka 2017, na kwamba ulipofungua toleo la 7 la mwaka 2021 hukuiona michakato uliyoikariri. Hukupoteza muda, kilichobadilika ni mpangilio. Toleo la 6 lilieleza michakato 49 katika makundi 5 na nyanja 10 za maarifa, ilhali toleo la 7 lilitanguliza kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji, ili liifae pia miradi ambayo mpango wake hurekebishwa kazi ikiendelea. Chukua vihatarishi: zamani vilikuwa na sura nzima yenye michakato 7, kuanzia kupanga hadi kufuatilia, katika toleo la 7 viliwekwa ndani ya eneo linalohusu hali ya kutokuwa na uhakika. Hata hivyo, daftari lako la vihatarishi utalijaza vilevile. Binafsi naona toleo la 6 humfaa zaidi anayeanza, ingawa linachosha kulisoma. Ukijiandaa kwa mtihani wa PMP, yaani cheti cha wasimamizi wa miradi, anza na muhtasari wa maudhui ya mtihani unaotolewa na PMI, taasisi inayochapisha mwongozo huu, kwa kuwa mtihani hufuata muhtasari huo, wala haufungwi na toleo moja la mwongozo.