Ujumbe wa ghalani haufiki ofisini

Swali: Kaka habari, nipo Shangani Mtwara, kampuni ya korosho. Wenzetu wa ghalani Masasi wako Slack sisi ofisini tuko Teams, zote app za kuchati kazini, siku ya mnada nashinda nakopi meseji huku napesti kule, mwisho bei inanipita. Kuna njia bila kuajiri programa?

Jibu: Ipo dada, na usiendelee kujitesa hivyo. Fungua Zapier, huduma ya mtandaoni ya kuunganisha app, unaunganisha kwa kubonyeza bonyeza tu: kichocheo, yaani kinachoanzisha, ni "meseji mpya kwenye chaneli" ya Slack, kitendo ni "tuma meseji kwenye chaneli" ya Teams, afu unachagua kipi kipite, jina la mtumaji na maneno yake, basi. Ila Teams inataka akaunti ya kazini na mara nyingi admini wenu, yule anayesimamia akaunti za kampuni, lazima akubali kwanza, kwahiyo mwone mapema kabla msimu haujachanganya.

Sasa hapa kuwa makini sana, ukitaka na majibu ya Teams yarudi Slack unatengeneza njia ya pili, na zile meseji zitaanza kurudishiana zenyewe bila mwisho. Kwenye kichocheo cha Slack kuna sehemu inauliza kama meseji za boti, yaani zinazotumwa na programu si mtu, nazo zikiwashe, weka hapana.

Akaunti ya bure ni kazi 100 kwa mwezi na kila meseji inayotumwa inakula moja, salamu na stika zikipita zitaisha mapema mno, bora Masasi wafungue chaneli ya bei na uzito tu uunganishe hiyo.