Maswali ya Wasomaji: Je, Nichore Kijiji cha Nyanya?

SWALI: Mpendwa Mhariri wa Sanaa, nililelewa na nyanya yangu karibu na Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, hadi nilipotimiza miaka 9 na kuletwa Nairobi kwa wazazi wangu. Sasa ninaishi Kayole, na riziki yangu hutokana na picha za wamorani na za machweo ninazowapelekea wauzaji wa Soko la Maasai. Moyoni natamani kuchora maisha ya kule, lakini kumbukumbu zangu ni vipandevipande, na ninaogopa kwamba nikiziunga nitakuwa ninadanganya. Tena, karibu na boma la jamaa zetu palikuwa na vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wazee waliofariki. Je, nina haki ya kuvichora? — Mchoraji, Kayole

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesikitika kwamba umenitajia wamorani na machweo lakini hukunitajia kitu hata kimoja kilichokuwa ndani ya nyumba ya nyanya. Tuanzie hapo. Mtoto wa miaka 6 haoni kijiji kizima, kwa sababu kimo chake hakimruhusu; huona upindo wa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, nyayo zenye vumbi, mdomo wa kinu, moshi unaotafuta njia kwenye makuti, na miguu ya mgema inayopotea juu ya mnazi. Ukichora boma lote kama linavyoonekana kwenye kalenda, utakuwa umechora kitu ambacho wewe hukukiona kamwe. Shusha jicho lako hadi pale lilipokuwa, uchore kutoka chini kwenda juu, na hivyo vipande unavyovilalamikia vitapata mahali pa kukaa.

Kuhusu hofu ya kudanganya, ningependa umtazame Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 na kusomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi kabla ya kuirejea sanaa kwa dhati. Kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alichukua karatasi za kufungia bidhaa za dukani, zikiwamo za sabuni na za unga, akazichana na kuzibandika hadi zikawa wanawake, wanyama na maisha ya shambani. Kingo za karatasi hazikufichwa, na mtazamaji huona mahali kipande kimoja kinapokoma na kingine kuanza, wala hakuna anayemwita mwongo. Nawe unaweza kuacha sehemu ya turubai wazi pale ambapo kumbukumbu inakoma. Kinachodanganya, kwa maoni yangu, ni kuliziba pengo kwa picha uliyoiona mahali pengine.

Jak Katarikawe naye alizaliwa Kigezi, Uganda, akaishi Nairobi kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2018, na katika miaka hiyo yote mjini ng'ombe hawakuacha kuingia kwenye picha zake, wakiwa na rangi ambazo hakuna ng'ombe aliyewahi kuwa nazo. Huyo ni ng'ombe aliyepita katika ndoto ya mtu aliye mbali na kwao. Kwa hiyo, hando la nyanya likikujia likiwa jeupe kuliko lilivyokuwa, au kubwa kuliko mlango, liache hivyo hivyo.

Urithi unaweza pia kuingia kwa njia ya kitu unachochorea. Michael Armitage, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mtuba ambayo Waganda hutumia, pamoja na mambo mengine, kuvika maiti. Matundu na mishono ya gome hubaki yakionekana, na brashi hulazimika kuyafuata. Sikushauri ununue lubugo, kwa kuwa hilo ni gome la watu wengine na historia nyingine. Nakuuliza tu ni kitu gani kilichoguswa na mikono ya nyanya ambacho kinaweza kupokea rangi.

Picha za sokoni usizionee haya, maana zinalipa kodi ya nyumba. Zitengee siku zake, na zile nyingine uzitengee siku zake, ili mkono usizoee kumaliza kila kitu kwa haraka ile ile.

Sasa vigango, na hapa naomba tuende polepole. Kama unavyojua kuliko mimi, kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha wazee wa heshima cha Wagiriama, aliyefariki, na kikishasimamishwa hakiondolewi, hata kama familia itahama. Hata hivyo, vingi viling'olewa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na mwaka 2019 vigango 30 vilirejeshwa Kenya kutoka jumba moja la makumbusho la Denver, Marekani. Ukiijua habari hiyo, utaelewa kwa nini mzee anaweza kukunja uso akiona mjukuu akiwauzia wageni sura ya kigango, hata kama ni ya rangi tu. Sisemi kwamba ni haramu. Nasema kwamba ruhusa hiyo haitoki Nairobi wala kwa mhariri wa gazeti. Waulize wazee wa ukoo wako, na wakikataa, ukubali.

Nina hakika, lakini, kwamba kuna picha moja ambayo ni yako kabisa: ya msichana anayepita karibu na mahali pale, ameshikwa mkono, ameambiwa anyamaze. Katika picha hiyo kigango si lazima kionekane. Inatosha tuone mkono wa mtu mzima ulivyokaza, na macho ya mtoto yalivyoelekezwa upande mwingine. Kama nyanya yu hai, mpigie simu jioni hii umuulize alikuwa akikuambia nini mlipofika pale, na majibu yake uyaandike kwa maneno yake, kwa Kigiriama chake, kabla hujagusa rangi.