Nani hupewa usiku kwenye darubini kubwa?

Swali: Ninasoma shahada ya kwanza ya fizikia. Darubini kubwa ni chache na wanaozitaka ni wengi. Nani huamua ielekezwe wapi usiku wa leo? Je, muda hununuliwa? Na mtu ambaye nchi yake haikuchangia chochote anaweza kuomba?

Jibu: Nianze na hilo la kununua. Kwa kawaida mtafiti mmoja mmoja hanunui saa. Wanaonunua, kwa namna yao, ni nchi na vyuo vikuu: waliochangia ujenzi na uendeshaji hugawana muda kulingana na michango yao. SALT, darubini ya Sutherland huko Afrika Kusini iliyozinduliwa mwaka 2005, inaendeshwa hivyo. Mwenye mlima naye ana fungu lake. Wanaastronomia wa Chile hutengewa takriban asilimia 10 ya muda kwenye darubini za kimataifa zilizojengwa nchini mwao.

Ndani ya kila fungu, kinachoamua ni hoja. Mara moja au mbili kwa mwaka kituo hutangaza kupokea maombi. Unaandika kurasa chache: unatafuta nini, kwa nini darubini ndogo haitoshi, na unahitaji saa ngapi. Kwenye hesabu ya saa ndipo wageni hujikwaa. Mtu anaomba dakika 20 za kukusanya mwanga, kumbe James Webb, darubini iliyoko angani, humhesabia karibu dakika 30 za kuigeuza tu darubini kuelekea anakotaka. Na ushindani si mchezo: awamu ya nne ya James Webb ilipokea maombi 2,377 yaliyodai saa zipatazo 78,000, takriban mara tisa ya muda uliokuwepo.

Wanaopima maombi ni wanaastronomia wenzako. Tangu 2018 maombi ya Hubble, darubini nyingine iliyoko angani, husomwa bila majina ya waombaji, na awamu ile ile ya kwanza, maombi yaliyoongozwa na wanawake yalipita kwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya wanaume, kinyume cha miaka iliyotangulia. ALMA, darubini ya redio yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor huko Chile, imekwenda mbali zaidi: kwa maombi mengi, anayeomba hupewa maombi 10 ya wengine ayapange kwa ubora. Utasema kesi ya nyani kapewa ngedere. Mimi naupenda utaratibu huo. Ukishasoma ya wenzako 10 unaona wazi kwa nini lako la mwaka jana lilitupwa.

Ukikubaliwa, usifikiri lazima upande ndege. Kwenye VLT, darubini kubwa za Ulaya kule Paranal, Chile, kazi nyingi hufanywa kwa foleni. Unatuma maelekezo yaliyokatwa vipande vya kama saa moja kila kimoja, ukitaja hali ya anga unayohitaji: hewa itulie kiasi gani, mwezi uwepo au usiwepo. Usiku, mwangalizi wa zamu hutazama vipimo vya hewa na kuchagua kipande kinachofaa dakika hiyo. Hewa ikitibuka, anayetaka picha kali hungoja na mwenye nyota angavu huingia. Ndiyo maana ombi lenye masharti mepesi lina nafasi nzuri ya kukamilika.

Foleni huvunjwa pia. Agosti 17, 2017 mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati) yalipoashiria nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizolipuka, zimegongana, vituo vipatavyo 70 viligeukia tukio hilo. Tena mkurugenzi huwa na akiba yake ya saa. Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi inayoendesha Hubble wakati huo, aliitumia mwaka 1995 kuielekeza darubini hiyo kwa siku 10 kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu. Zikapatikana galaksi kama 3,000, na data ikatolewa kwa wote mara moja.

Sasa lako wewe. James Webb na Hubble hupokea maombi kutoka popote duniani, hali kadhalika VLA, darubini ya redio ya New Mexico, Marekani. Vituo vya wanachama huwabana zaidi wasio wanachama, kwa hiyo tafuta mshirika aliye ndani. Ila kwa shahada ya kwanza nakushauri uanzie kwenye hifadhi za data. Aliyepewa muda James Webb kwa kawaida hukaa na data yake peke yake miezi 12, kisha hufunguliwa kwa yeyote. Unafungua tovuti ya hifadhi, unatafuta kwa jina la galaksi au kwa viwianishi (namba za mahali pake angani), unapakua. Huandiki ombi hata moja.