Ripoti ya kwanza ilifungwa kwa mistari miwili

Alhamisi iliyopita limetoka toleo jipya la edita ninayoandikia programu. Kwenye orodha ya hitilafu zilizorekebishwa, mstari wa nne kutoka chini, ipo ya kwangu. Jina langu halikuandikwa, ni namba ya ripoti tu, lakini namba hiyo naijua kama namba yangu ya simu. Nimeusoma mstari ule asubuhi, mchana na kabla ya kulala.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mnaandika programu, na kila mmoja ana kero yake kwenye edita ambayo hajawahi kuisema popote zaidi ya kundi la WhatsApp. Ndiyo maana nawasimulia.

Mwaka juzi nilikuwa natengeneza mfumo wa ada wa shule moja hapa Morogoro. Natumia kompyuta ya mezani, na UPS yangu, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Saa tano usiku nikahifadhi faili la hesabu za malipo, mistari elfu moja na mia mbili hivi, na umeme ukakatika pale pale. Uliporudi alfajiri nikalifungua. Tupu. Nikaangalia ukubwa wake: baiti 0. Nakala ya mwisho niliyokuwa nayo kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, ilikuwa ya siku tatu nyuma, na saa nne asubuhi mhasibu wa shule alikuwa ananisubiri.

Nikawaandikia watengenezaji kwa hasira: "Edita yenu inafuta kazi za watu. Wekeni kitufe cha kuhifadhi nakala mbili kwa mpigo." Basi. Sikutaja toleo, wala mfumo wa kompyuta, wala umeme! Kesho yake ripoti ikafungwa: tumejaribu, kwetu haitokei, kitufe hicho hakimo kwenye mipango yetu. Iliniuma, na sifichi, bado inaniuma. Nikasema hawa wanaishi kwenye umeme usiokatika, shida zetu watazijulia wapi. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mimi kueleza zaidi, si kununa.

Nilichokuja kujifunza baadaye ni namna faili linavyohifadhiwa. Programu nyingine hulifungua faili la zamani, hulifuta lote, ndipo huandika upya. Maandishi mapya nayo hayafiki kwenye diski papo hapo. Hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa sekunde kadhaa. Umeme ukikatika katikati, la zamani limeshafutwa na jipya halijafika. Njia salama ni kuandika faili la muda pembeni, kulilazimisha lifike kwenye diski, kisha kulipa jina la lile la zamani. Hapo utakuta la jana au la leo, lakini hutakuta tupu.

Sasa tazameni nilichokuwa nimeomba. Nakala mbili zinazoandikwa kwa njia ile ile, kwa wakati ule ule, zingepotea zote mbili. Nilikuwa kama mgonjwa anayeingia kwa daktari na kuagiza sindano kabla hajasema anaumwa wapi.

Ripoti ya pili niliiandika kwa siku mbili. Nilitengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yangu, nikaweka edita mpya isiyo na kiongezo (programu ndogo ya kuiongezea edita uwezo) hata kimoja, nikafungua faili la mistari 2,000, nikahifadhi, kisha nikaizima kompyuta hiyo ghafla ndani ya sekunde mbili. Mara ishirini. Mara saba faili lilitoka tupu. Nikaandika hatua hizo kwa namba, toleo la edita, mfumo wa kompyuta, nilichotarajia na nilichokiona. Sentensi moja tu niliiongeza: ninakoishi umeme hukatika, na faili tupu kwangu ni mshahara. Baada ya siku nne mmoja wao akajibu kwamba kwake pia imetokea.

Kwa hiyo, wadogo zangu, zimeni viongezo kwanza. Kwenye edita ya VS Code iwasheni kwa komandi ya `code --disable-extensions`; kwenye edita ya Vim ni `vim --clean`. Kero ikiondoka, mwenye kosa ni kiongezo, mpelekeeni ripoti aliyekitengeneza. Tafuteni pia kama kuna aliyewahi kuripoti jambo hilo, mkaipigie kura ripoti yake. Kwenye VS Code utaratibu wao umekuwa kwamba ombi la kipengele linaloonekana lina mashiko hupewa siku 60 lipate kura 20, na likizikosa hufungwa. Kura ishirini! Makundi yetu yana watu mia mbili wanaolalamika kila wiki, na hakuna anayebonyeza.

Na muwe na heshima. Bram Moolenaar aliitoa Vim mwaka 1991 na akaisimamia mpaka alipofariki Agosti 2023. Hakutoza hela, aliomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, na ombi hilo hukukaribisha mara nyingi ukiifungua Vim bila faili. Waliochangia walipewa haki ya kupigia kura vipengele vipya. Unamwandikiaje mtu wa namna hiyo kwa matusi? Nilifanya hivyo kwa watu wengine, na naona aibu. Elezeni lililowapata, hatua kwa hatua, halafu waacheni wenye kazi wachague dawa.

Jumamosi niliweka toleo jipya kwenye ile ile kompyuta ya mezani. Nikaandika mistari kumi, nikahifadhi, nikachomoa waya ukutani. Nikawasha, nikarudia, mara kumi na tano mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini. Kila nilipofungua, faili lilikuwepo.